Kochi la Kuazima

Mtaani walimwita Mama Pasi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine yao ya pasi ilikuwa ndefu kuliko kitanda. Watu wawili walilisha shuka upande mmoja, na wawili wakalipokea upande wa pili likiwa limenyooka na la moto. Mtu akizubaa, anaungua vidole. Mama Pasi alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na vidole vyake vyote vilikuwa vizima. Hilo alijivunia.

Nyumbani alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza, msichana wa miaka tisa, kila mtu alimwita Dada, hata watu wazima. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka mitano, na wa mwisho alikuwa msichana mdogo waliyemwita Kitinda. Baba yao alikwenda mji mwingine kutafuta kazi. Kazi aliipata, na mke mwingine pia akampata huko huko. Baada ya hapo simu yake haikuita tena.

Zamani watoto walikaa na shangazi yao, dada wa yule baba. Huyu wifi hakumtupa Mama Pasi, hata baada ya kaka yake kupotea. Lakini wifi naye alipata kazi ya kupika kantini, na mtu hawezi kukataa kazi. Tangu hapo, siku za zamu ya asubuhi, Dada hakwenda shule. Alibaki chumbani kuwaangalia wadogo zake. Mama Pasi aliwaachia chakula na maji, akatoka, akafunga mlango kwa kufuli kutoka nje.

Lilikuwa kufuli zuri, zito, la bei ya juu kuliko yote dukani. Hakutaka watoto wake walindwe na kitu cha ovyo. Akina mama wengine huwaaga watoto kwa maneno matamu. Yeye aliaga kwa kulivuta kufuli, aone kama limeshika.

Vyumba vya pale vilijengwa kwa safu moja, ukuta kwa ukuta. Siku moja mchana jirani wa chumba cha pili alikuwa akikaanga viazi. Akatoka kidogo kuongea na mtu. Mafuta yakashika moto, moto ukashika pazia, na moshi ukapita juu ya ukuta mpaka chumba cha Mama Pasi.

Watu walisikia watoto wakipiga mlango. Wengine walikimbilia maji. Aliyekimbilia mlango alikuwa Fundi, mwanamke wa makamo aliyeshona viatu kibarazani. Alikuja na nyundo yake ya kazi. Kufuli lile zuri lilikuwa gumu kweli kweli. Alilipiga, likakataa. Mwishowe akaliacha, akang'oa bawaba za mlango. Watoto wakatoka wakikohoa. Moto ulizimwa, na hakuna aliyeumia.

Mama Pasi aliporudi kutoka kazini alikuta mlango umeegeshwa ukutani na watoto wamekaa kwa Fundi. Aliwashika mmoja mmoja, kichwa, mikono, miguu. Kisha akamshukuru Fundi mpaka maneno yakamwishia.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwenzangu, kuna jambo jingine. Nimekwenda ofisi ya ustawi wa jamii nikawaeleza. Nakuambia mwenyewe, usije ukaambiwa na watu."

"Nimekukosea nini, Fundi?"

"Hujanikosea. Lakini moto hauchagui siku, na mimi sipo hapa kila siku. Nimewaambia uko peke yako na kazi yako ni ya zamu. Sikuwaambia u mama mbaya."

Mama Pasi hakuyasikia maneno hayo ya mwisho. Alikuwa amesikia "ustawi wa jamii", na masikio yakazibia hapo. Mtaani neno hilo lilikuwa na maana moja tu: watu wanaochukua watoto. Kila mtu alijua habari za mama aliyenyang'anywa wanawe, ingawa ukiuliza ni mama gani, alikuwa siku zote binamu ya mtu fulani wa mtaa mwingine. Mama Pasi aliwachukua watoto wake na hakumsemesha Fundi tena.

Jioni wifi alikuja. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mwenye mipango. Alisikiliza habari yote, akafikiri, akatoa shauri.

"Wifi, umewahi kusikia tajiri akachukuliwa watoto? Hujasikia. Wanachukua wa maskini. Basi siku hiyo wakija, tuwe matajiri."

Shauri hilo lilionekana la maana. Mtu mwenye hofu halichunguzi sana shauri analopewa.

Habari zikaja kwamba afisa angefika siku ya tatu. Wifi alizunguka mtaa mzima. Kwa seremala alipata kochi jipya ambalo mteja alikuwa bado hajalichukua. Kwa kinyozi alipata televisheni. Mpangaji mmoja alitoa zulia. Walijaribu na friji, ila lilikataa kupita mlangoni. Seremala alisema kochi lisimwagiwe kitu, na kwa kuwa hakuwaamini, alikuja mara mbili kuchungulia. Watoto walikatazwa kulikalia. Kwa hiyo walikaa sakafuni kando yake, wakilitazama kwa heshima.

Afisa alikuja. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini. Watoto walimwamkia. Akakaribishwa kochini, akakaa.

Aliuliza nani anabaki na watoto. Wifi akajibu kabla ya mwenye nyumba: yupo msichana wa kazi, ametumwa dukani sasa hivi. Aliuliza kuhusu baba. Wifi akasema kaka yake anatuma fedha za matumizi kila mwezi, hakosi. Aliuliza siku ile ya moto msichana wa kazi alikuwa wapi. Wifi akasema alikuwa ametoka. Hapo alikohoa kidogo, maana hata mtunga uongo huchoka.

Kisha afisa akamgeukia Mama Pasi. Nani alifunga mlango?

"Mimi," alisema Mama Pasi.

Afisa aliandika, akanywa maji, akashukuru, akaenda. Wifi alicheka meno yote nje. Kabla jua halijatua kochi lilikuwa limerudi kwa seremala, na watoto wakapata nafasi ya kutandika mkeka wao.

Wiki iliyofuata Mama Pasi aliitwa ofisini. Ilikuwa ofisi ndogo yenye meza mbili. Pembeni kulikuwa na sanduku la vitu vya kuchezea watoto, vingi vimevunjika. Afisa alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za kazi na za watoto. Halafu akafungua daftari lake.

"Mama," alisema, "kwa niliyoyaona na mliyoniambia, itabidi nipendekeze watoto wapelekwe kwenye kituo cha kulelea watoto kwanza, mahakama iamue."

Mama Pasi alisema, "Lakini nyumba uliiona. Haina upungufu."

"Niliiona. Tatizo liko hapo hapo. Mama ana kochi jipya. Ana televisheni. Ana msichana wa kazi, na mume anatuma matumizi. Sasa anawafungia watoto kwa kufuli kwa sababu gani? Asiye na njia akifanya hivyo, namwita mtu mwenye shida. Mwenye njia zote hizo akifanya hivyo, sheria inamwita mtu asiyejali wanawe. Shida ina dawa katika ofisi hii. Kutojali hakuna dawa hapa."

Mama Pasi alielewa. Alikuwa amejichimbia shimo, na juu yake akatandika zulia la kuazima.

Akinyamaza, watoto wanakwenda. Akisema, anakiri mbele ya serikali kwamba amedanganya, na kwamba hana kitu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akapiga moyo konde.

"Kochi si langu," alisema. "Ni la mteja wa seremala. Televisheni ni ya kinyozi. Zulia ni la mpangaji mwenzangu. Msichana wa kazi hayupo, wala hajawahi kuwapo. Baba yao hatumi kitu, hata salamu. Mle ndani, vilivyokuwa vyangu ni watoto na kufuli. Nikienda kazini sina wa kumwachia, na nisipokwenda hawali."

Baada ya kusema hayo alilia, na hakuona haya tena.

Afisa alisubiri. Kisha akasema, "Kochi lilikuwa bado na nailoni miguuni. Nilishuku. Lakini siandiki ninachoshuku, naandika ninachokiona na kuambiwa. Ndiyo maana nimekuita kabla sijapeleka popote. Mficha uchi hazai, mama. Sasa tunaweza kufanya kazi."

Alivua miwani, akamweleza taratibu. Alisema katika bajeti ya serikali lipo fungu la kulinda familia. Zamani karibu fedha zote za watoto wenye shida zilikwenda kwenye vituo. Lakini kituo kinataka kitanda, chakula, mlezi na mlinzi. Kumtunza mtoto kule ni ghali kuliko kumsaidia mama yake akiwa kwake. Tena mtoto anamlilia mama yake kila jioni, na kilio hicho hakina fungu. Kwa hiyo serikali imeamua sehemu ya fedha itangulie, itumike kabla familia haijavunjika.

"Kwa hiyo mtanipa hela?" aliuliza Mama Pasi.

"Hapana. Hatukupi hela mkononi. Tunalipia kile kinachokosekana mpaka watoto wanakuwa hatarini. Kwako naona malezi ya mchana kwa hawa wadogo wawili. Naona mlango na dirisha. Na mshauri wa familia atakuja kila wiki, mjifunze pamoja. Mara nyingine nitakuja mimi, na sitabisha hodi siku tatu kabla."

"Mpaka lini?"

"Kwa muda. Fungu hili si kisima, linakauka, na familia ni nyingi. Tunataka ukitoka hapa usimame mwenyewe. Na sitakuficha: tukisaidia, na bado watoto wakawa hatarini, tutawaondoa. Mtoto ndiye wa kwanza."

Mama Pasi alisema hapendi kuishi kwa sadaka. Afisa akamwuliza kama huwa ananunua sabuni. Akasema ananunua. "Basi unalipa kodi," alisema afisa. "Humo humo zimo zako. Hii si sadaka, ni huduma. Kama barabara."

Kazi ikaanza. Afisa alikiona chumba kama kilivyo, na mkeka wake. Aliliona dirisha: lilikuwa na nondo zilizojengewa ukutani. Fundi mwingine, wa kuchomelea vyuma, akaja, akalifanya lifunguke kwa ndani. Mlango ukapata bawaba mpya na komeo la ndani ambalo hata Dada aliweza kulifungua. Wadogo wawili wakaandikishwa kwenye nyumba ya malezi ya mchana karibu na hospitali. Dada akarudi shule. Alikuta wenzake wamefika mbali katika hesabu, akanuna mwezi mzima, halafu akawafikia.

Afisa aliuliza pia kuhusu zamu. Je, Mama Pasi amewahi kumwomba msimamizi wake abadilishiwe? Hakuwahi. Aliona mtu mwenye shida akianza kuomba, hufukuzwa. Afisa akamsindikiza. Msimamizi wa chumba cha kufulia alisikiliza huku akihesabu mafurushi ya mashuka yaliyokuwa yakiingia, akasema, "Mbona hukusema siku zote hizo?" Akampa zamu ya katikati ya mchana, inayoanza wadogo wakishafika kwa mlezi na kuisha kabla mlezi hajafunga nyumba yake. Jambo lililomnyima usingizi kwa miezi lilimalizika wakiwa wamesimama.

Mambo mengine hayakuwa mepesi. Mshauri wa familia alikuwa msichana mdogo. Mama Pasi alinung'unika kwa wifi: yeye amezaa watatu, leo afundishwe kulea na mtu asiye na hata mmoja? Wifi alikubaliana naye kabisa, kisha akaja kusikiliza kila kikao, maana hakupenda kupitwa.

Mshauri huyo hakuhubiri. Alimwuliza Dada anapenda kucheza nini. Dada alifikiri sana, halafu akajibu kwamba anapenda kuosha vyombo. Mshauri akasema kwa upole kwamba mtoto wa miaka tisa anaweza kumsaidia mama, lakini hawezi kuwa mama. Neno hilo lilimwingia Mama Pasi kuliko mafunzo yote yaliyofuata.

Kisha akawataka waseme majina ya watu watatu wa kuaminika, ambao wangekaa na watoto mambo yakiharibika. Wifi alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa mke wa seremala. Wa tatu walimtafuta, wakamkosa. Mama Pasi alijua ni nani, ila hakumtaja.

Siku ikafika ambayo mlezi wa mchana aliugua na nyumba yake ikafungwa ghafla. Ilikuwa siku ya likizo, hata Dada hakwenda shule. Wifi alikuwa kantini. Mke wa seremala alikuwa amesafiri. Saa ya zamu ilikuwa imefika. Mama Pasi alisimama mlangoni, mkono uko ndani ya mkoba, na mkono ulikuwa umeshalishika lile kufuli la zamani. Ni mara moja tu, alijiambia. Ni leo tu.

Alisimama hapo kwa muda. Kisha akatoa mkono mtupu, akawashika watoto, akaenda nao kibarazani kwa Fundi. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya moto.

"Fundi," alisema, "nina shida."

Fundi alitema misumari aliyoibana midomoni. "Waache," alisema. Halafu akaongeza, "Unajua kazi hii ya viatu nilifundishwa wapi? Kituoni. Nililelewa huko. Nilishiba, sikupigwa, siwezi kusema vibaya. Lakini tulikuwa ndugu watatu, na nafasi zilipatikana katika vituo viwili, mimi huku, wao kule. Leo nikikutana na wadogo zangu njiani, siwajui. Niliposikia siku hizi kuna fungu la kuwaacha watoto kwao, nilifurahi. Ndiyo maana nilikwenda kusema. Nisingekwenda kuwauza wanao, mwenzangu."

Mama Pasi alimwomba radhi. Fundi akamwambia aende, mashuka yanamsubiri. Jioni alirudi, akakuta watoto wamepanga viatu vya wateja kwa ukubwa, kutoka cha mtoto hadi cha askari. Jina la tatu likapatikana.

Miezi ilipita. Mshauri alikuja kila wiki, halafu kila mwezi. Mama Pasi, kwa zamu yake mpya, alianza kulipa sehemu ya ada ya malezi mwenyewe, na mwishowe akailipa yote. Afisa alizoea kuja siku ya mapumziko ya Mama Pasi. Watoto walimzoea pia. Siku zake waliosha miguu bila kuambiwa, wakakaa mkekani kumngoja. Katika ziara yake moja aliongea na mama yao nje, akampa mkono, akaenda.

Siku ya mapumziko iliyofuata, watoto waliosha miguu na kukaa. Walingoja. Saa yake ikapita.

"Yule baba wa miwani haji?" aliuliza Kitinda.

"Haji tena," alisema Mama Pasi.

Mvulana akashtuka. "Tumefanya kosa gani?"

Mama Pasi aliona amekosea kutowaeleza mapema. Akaacha nguo alizokuwa akikunja, akakaa nao mkekani.

"Hamna kosa. Alikuwa anakuja kuangalia kama nyumba hii inaweza kukaa na watoto wake. Ameangalia, ameona inaweza. Sasa amekwenda kwa wengine."

Dada aliuchezea upindo wa mkeka. Kumbe jioni ile ya moto alimsikia shangazi yake akisema watoto wa maskini huchukuliwa, na miezi yote hiyo alikuwa na neno hilo moyoni.

"Kwa hiyo sisi hatuendi popote?" aliuliza.

"Hamwendi popote."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Dada alitikisa kichwa kukubali, kama mtu mzima aliyepewa taarifa. Kisha akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mpaka wadogo zake wakaogopa, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyewanyamazisha wao. Mama Pasi hakumwambia anyamaze. Alimvuta, akampakata, ingawa miguu yake ilikuwa mirefu mno kwa kupakatwa na ilifika hadi nje ya mkeka. Alikaa naye hivyo hivyo mpaka akalala.